Ko kwa Dume, Ki kwa Jike

Mjukuu wangu, mama yako ameniambia umerudi kutoka mazoezi ya kufundisha umenuna, unasema watoto wa siku hizi hawasikii. Neno hilo nimelala nalo siku tatu. Mimi nilifundisha baiolojia hadi nikastaafu, na vyura niliowapasua mbele ya wanafunzi sitaki kuwahesabu. Basi ngoja nikujibu kwa chura.

Kisiwani Puerto Rico yuko chura mdogo wa mitini, anakaa kwenye kiganja na nafasi inabaki. Wenyeji wanamwita koki kwa mlio wake. Giza likiingia dume anaanza: "ko-ki, ko-ki". Ile "ko" ni nene, mitetemo kama 1,100 kwa sekunde. "Ki" inapanda hadi karibu 2,000. Mgeni anasikia neno moja. Vyura wenyewe wanasikia mawili. Peter Narins na Robert Capranica waliwapigia vyura hao milio kwa spika, na mwaka 1976 wakaandika walichokiona: madume yanajibu "ko", kwa sababu hiyo ni habari ya mwanamume mwingine aliyevamia mtaa, majike yanaifuata "ki". Kisha wakachukua vibomba vya kioo vyenye ncha nyembamba mno, wakapima uzi mmoja mmoja wa neva itokayo sikioni. Hata huko dume na jike hawakuwa sawa. Tofauti ilishaanzia sikioni, ubongo haujaulizwa.

Nikwambie namna neva inavyofanya kazi, maana hapa ndipo wanafunzi wangu walipokuwa wakisinzia, na kosa lilikuwa langu. Uzi wa neva unajua neno moja tu: pigo dogo la umeme. Haupazi sauti wala hauipunguzi. Kelele ikizidi, mapigo yanakuja kwa haraka zaidi. Mlio ukiwa na mdundo, mapigo yanaufuata mdundo huo kama mpiga makofi ngomani. Unene au wembamba wa sauti unajulikana zaidi kwa kuangalia ni uzi gani uliopiga, kwa sababu kila uzi una sauti yake unayoipenda. Kwa vyura, nyuzi hizo zinaanzia kwenye viungo viwili tofauti ndani ya sikio, kimoja cha sauti nene na za kati, kingine cha sauti nyembamba. Hayo tu, na jike anavuka kidimbwi gizani akampata mwenzake.

Sasa yule chura mkubwa wa Amerika ya Kaskazini, anayelia kama fahali. Ngoma ya sikio lake iko nje, nyuma ya jicho, na kwa dume ni kubwa kulipita jicho lenyewe. Huyo Capranica alimchunguza mapema zaidi, akachapisha kazi yake mwaka 1965. Akatengeneza milio ya bandia, akaona kwamba dume haitikii mpaka sauti mbili ziwe pamoja, moja ya mitetemo kama 200 kwa sekunde na nyingine kama 1,400. Ukimpa moja, kimya. Mpe zote mbili, anaitikia kwa nguvu. Lakini ukiongeza ya katikati, kama 500, ananyamaza tena, ingawa zile mbili bado zipo. Ile ya katikati inazima nyuzi za sauti nene. Hapo nakuomba usome polepole: hakukosa kusikia. Kilichoongezwa ndicho kilichomfunga.

Mwaka 1995 Fred Rieke na wenzake walirudi kwenye neva ya chura huyo huyo. Walipompigia makelele ya kila namna, uzi ulipeleka habari kidogo. Walipoyakata makelele yakafanana na mlio wa chura, uzi uleule ukapeleka habari mara 2 hadi 6 zaidi. Kwa hiyo mtu akikwambia mtoto fulani ni mzito, muulize amepigiwa sauti gani.

Najua utasema mtoto si chura. Kweli, chura amezaliwa na sikio lake, mtoto sikio lake linajengeka. Na la mzee linaziba. Bibi yako, Mungu amrehemu, jioni moja alisimama mlangoni akaniambia, "Naona wingu limekuja upande wa mlimani." Nikamjibu, haya, mahindi yatapona. Usiku maji yakatudondokea kitandani. Mwezi mzima alikuwa akinieleza juu ya bati lililooza pale juu, na wingu lile lilikuwa limebeba bati ndani yake. Tukahamisha kitanda, tukakinga sufuria, hakusema kitu. Yeye alisema "ko-ki" nzima, mimi nikachukua "ko" nikalala.

Usiache ualimu kwa muhula mmoja. Jumamosi njoo mapema, mvua ikikatika vyura wa mfereji wa nyuma wataanza, tutakaa barazani. Uje na daftari la mahudhurio la lile darasa. Yule mvulana wa dawati la mwisho, uliyeniambia alikuwa akijibu kila swali wiki ya kwanza, nataka unikumbushie siku aliyoanza kunyamaza, na ulichokuwa umekiongeza siku hiyo.