Beleshi ni la Mwenzako



Suali la mwezi huu nalileta kutoka nchi za mbali, nchi za baridi kali, lakini jawabu lake ni la watu wote. Suali lenyewe ni hili: mtu anayekwenda mahali pa khatari kwa hiyari yake, bila ya zana za kuokolea na bila ya mafuta ya kumtosha kurudi, je, amejidhulumu nafsi yake peke yake, au amewadhulumu na wengine?

Wengi hujibu upesi: "Roho ni yake, akifa amekufa mwenyewe." Jawabu hili lina sura ya haki, na kwa sababu hiyo linataka kupimwa. Nami nimeona nilipime kwa mizani ya wapanda pikipiki za theluji katika milima ya Canada na Marekani. Wako vijana wetu walioko kule kwa masomo na kazi, na yumkini mmoja wao akaalikwa na wenzake siku ya mapumziko waende milimani. Basi habari hii si ya kupuuzwa hata na sisi ambao theluji hatuijui ila kwa picha.

Chombo chenyewe mbele kina mbao mbili za kutelezea, na nyuma kina mkanda mpana unaozungushwa na injini ya petroli. Asili yake ina huzuni. Katika mji wa Valcourt, jimbo la Quebec, alikuwako fundi mmoja, Joseph-Armand Bombardier, ambaye tangu ujana wake alikuwa akijaribu kuunda gari la kupita juu ya theluji. Mwaka 1934, katikati ya majira ya baridi, mwanawe mdogo alishikwa na maradhi ya tumbo. Njia zilikuwa zimezibwa na theluji, mtoto asiweze kufikishwa hospitali, akafa. Mwaka 1937 fundi yule alipata hataza ya mtambo wake, akaunda gari la watu 7, na magari ya namna hiyo yakatumika kubebea wagonjwa, wanafunzi na barua. Mwaka 1959 akatoa kile chombo kidogo cha mtu mmoja au wawili, ambacho ndicho mzazi wa hivi vya leo.

Tazama basi, ndugu yangu. Chombo kilichoundwa na baba aliyefiwa, ili mtu asife kwa kukosa njia, leo huwapeleka watu kwa mchezo mahali ambapo hapana njia kabisa. Mchezo si haramu, wala mimi sikuja kuulaumu. Lakini mchezo una deni lake, na deni hilo tulitazame.

Tuanze na mafuta. Injini humchukua mtu kwa saa moja masafa ambayo, ikizimika, hawezi kuyarudi kwa miguu siku nzima, kwani theluji mpya humzamisha hadi kiunoni. Tena chombo hiki katika theluji laini na ya kina hunywa petroli nyingi kuliko katika njia iliyoshindiliwa, hivyo hesabu ya jana haifai kwa leo. Wenye busara wao hugawa mafuta mafungu matatu: thuluthi ya kwendea, thuluthi ya kurejea, na thuluthi ya dharura.

Watu wa Inuit wa kaskazini ya Canada walisafiri kwa magari ya kukokotwa na mbwa vizazi na vizazi, na tangu miaka ya 1960 wengi wao wakahamia kwenye mashine. Mashine ina mbio zaidi, lakini fikiri kilichopotea. Mbwa hula nyama ya sili aliyewindwa njiani, na mara nyingi huijua njia ya nyumbani hata tufani inapoziba macho ya bwana wake. Mashine haili ila ulichokibeba, na nyumbani haikujui. Kila chombo kinapomzidishia mtu nguvu, humwondolea msaidizi fulani, na kazi ya yule msaidizi humrudia mtu mwenyewe. Aliyepokea nguvu asipokee na mzigo wake, amechukua nusu ya kitu.

Ama khatari kubwa ya milimani ni poromoko. Kwenye miteremko mikali, hasa ya baina ya nyuzi 30 na 45, tabaka la theluji laweza kukatika ghafula kwa uzito wa mashine moja tu, likashuka na kufukia kila kilicho chini. Kwa ajili hiyo kila mpandaji hutakiwa awe na vitu vitatu. Cha kwanza ni redio ndogo inayofungwa kifuani, chini ya koti, inayotoa ishara kwa masafa ya kilohezi 457, ambayo redio za wenzake zaweza kuitafuta. Cha pili ni ufito mrefu wa kukunjika, wa kudungia theluji mpaka uguse mwili. Cha tatu ni beleshi la kufukulia. Na ufito na beleshi hubebwa mgongoni mwa mtu, si kwenye mashine, kwa sababu mashine yenyewe yaweza kufukiwa.

Wakati nao ni mfupi mno. Utafiti uliotangazwa mwaka 1994 juu ya watu waliofukiwa nchini Uswisi ulionyesha kuwa wanaotolewa ndani ya dakika 15 wengi sana hupona, kiasi cha 9 katika kila 10. Lakini ikifika dakika 35 wanaopona hawazidi thuluthi. Wengi hufa kwa kukosa pumzi. Helikopta ya uokozi mara nyingi haifiki katika muda huo, na usiku au katika tufani huenda isiweze kuruka kabisa. Kwa hivyo mwokozi wa kweli ni yule aliyekuwa nyuma yako mlipokuwa mkipanda.

Sasa tuulize: kila kimoja katika vitu hivi chamfaa nani? Redio ya kifuani mwako hukufaa wewe, lakini kwa mikono ya mwenzako. Ama ufito wako na beleshi lako havikufai hata chembe siku utakayofukiwa. Theluji ya poromoko ikishatulia hushikamana kama saruji, na aliye chini yake aghalabu hawezi kuinua mkono. Kitakachokutoa ni beleshi la mwenzako, na beleshi lako ndilo litakalomtoa yeye.

Hapo ndipo lile jawabu la "roho ni yake" linapovunjika. Chukua mfano wa watu wawili waliotoka pamoja, mmoja amebeba beleshi na wa pili ameacha lake nyumbani. Akifukiwa yule asiyebeba, mwenziwe atamfukua. Akifukiwa aliyebeba, amefukiwa na beleshi lake mgongoni, na aliyesalia juu ana mikono mitupu. Angalia ajabu hii: mzembe ana salama kuliko mwangalifu, na uzembe wa mmoja adhabu yake humshukia yule aliyetimiza wajibu. Ikiwa hiyo si dhulma, basi neno dhulma halina maana.

Huenda mtu akasema: "Mimi nitabeba simu au kile kifaa cha kuita msaada kwa setilaiti." Vyema, abebe, tena awaachie watu wa nyumbani habari ya njia atakayopita na saa atakayorejea. Lakini asisahau watakaoitika ni nani. Katika jimbo la British Columbia wanaokwenda kutafuta waliopotea ni watu wa kujitolea, wenye kazi zao na wake na watoto, na hawamdai aliyeokolewa malipo. Watatoka usiku kwenye mteremko ule ule uliomfukia yeye. Wao wamejitolea kusaidia aliyefikwa na ajali. Hawakujitolea kufidia petroli ambayo mtu aliona uvivu kuibeba.

Huenda mwengine akasema: "Zana zenyewe humtia mtu kiburi, akishazivaa hujiona hafi." Neno hili lina ukweli, na msiba mmoja watosha kuwa ushahidi. Tarehe 28 Desemba 2008, karibu na mji wa Fernie katika British Columbia, wanaume 11 walikuwa milimani na mashine zao. Poromoko la kwanza liliwafukia baadhi yao. Wenzao wakaja kuwafukua, likashuka la pili likawafukia na wao. Watatu walitoka hai, 8 wakafa. Nao walikuwa na zile redio. Basi beleshi si ruhusa ya kupanda mteremko uliokatazwa. Taarifa za khatari ya maporomoko hutolewa na wenye ujuzi wakati wa baridi, na kuzisoma kabla ya kutoka ni katika zana. Lakini kiburi dawa yake ni kuondoa kiburi, si kuondoa beleshi. Mwenye ngazi mbovu haambiwi avunje na miguu yake.

Wa tatu atasema: "Vitu hivi ni ghali, nami sina uwezo." Hapa tupambanue. Mwindaji wa Inuit anayetafuta chakula cha watoto wake ana dharura, na dharura ina hukumu yake. Hutoka na alichonacho na kuomba salama. Lakini aliyetoka kucheza hana dharura. Ikiwa alipata fedha za kununua mashine akakosa za beleshi, basi alipanga vibaya; na ikiwa kweli hana, uwanda ni mpana, na acheze mahali tambarare mbali na miteremko. Halazimishwi na mtu kupanda mlima.

Ama atakayesema kwamba kujiandaa kwapunguza tawakkul, kisa cha ngamia na kamba kila mtoto wa chuoni anakijua, wala sina haja ya kukirudia.

Limebaki suali moja gumu. Mmefika mbali, mwenzako mafuta yamemwishia kwa sababu hakuchukua akiba, nawe unayo thuluthi yako. Je, umpe? Ukimpa yote, mtakwama wawili badala ya mmoja. Ukimnyima, umemwacha mtu kwenye baridi ya kuua. Nionavyo mimi, lenye haki juu yako ni mwili wake, si mashine yake. Ikiwa hesabu yaonyesha kuwa petroli iliyopo itawatosha wote wawili kufika, gawaneni. Ikiwa haitoshi, mpakie nyuma yako mrudi, na chombo chake kikae kwenye theluji mpaka siku nyengine, hata kama kina thamani ya mshahara wa mwaka. Naye asikasirike, kwani amepoteza mali akapata uhai. Nawe usimsimange njiani. Maneno ya lawama yangojee mpaka mmekaa penye moto.

Na sasa nasaha yangu kwa kijana atakayealikwa. Kabla ya kuwasha mashine, wapandaji wema husimama, kila mmoja akapita mbele ya mwenzake ili redio zao zijaribiwe, na kila mmoja akaonyesha ufito na beleshi lake. Sisi watu wa pwani tuna haya, na haya ni pambo, huona vibaya kumuuliza mtu mzima, "Liko wapi beleshi lako?" kana kwamba twamtuhumu. Uliza. Hukumtuhumu, umeulizia kitu chako, kwani beleshi lililo mgongoni mwake ni lako wewe, kama lile lako lilivyo lake.

Akijibu kwamba hakulibeba, basi yaliyobaki ni mazito kuliko mzigo wowote: kusema mbele ya wenzako wanaocheka, "Leo basi mimi mlimani sipandi." Watakwita mwoga. Wache wakwite. Siku nzuri ya theluji hurudi mwaka hata mwaka, lakini mtu akitoka mikononi mwenu harudi.

Wabillahi tawfiq.