Kulelea nguruwe wa mwenzako: mlezi anadaiwa nini?

Katika desturi zetu za Kolwezi na vijiji vya pembeni, mwenye mifugo hafugi wote katika lupango lake. Anatoa nguruwe jike ambaye hajazaa bado, anampa ndugu ao jirani amlelee. Mama anabaki wa mwenyewe, wana wanagawanywa. Hatuandikiani karatasi. Tunapatana mbele ya mashahidi wawili, tunakunywa munkoyo, basi. Swali tunalotaka kulipima hapa ni hili: mlezi anadaiwa nini hasa? Mnyama, ao kitu kingine?

Desturi hii ni ya mbuzi na kuku pia, lakini katika mji wetu ilipata nguvu upande wa nguruwe kiisha mgodi wa Kamoto kuporomoka mwezi wa Septemba 1990. Gécamines ilishuka, mishahara ikachelewa, halafu ikakosekana. Jamaa nyingi zilizoishi kwa mshahara zilirudi kwenye jembe na banda. Nguruwe alifaa: anakula pumba za mahindi na majani ya viazi vitamu, anabeba mimba siku 114 tu, tena anaweza kuzaa wana nane ao zaidi.

Masharti ni matatu. Kwanza, mlezi ndiye analisha na kulinda. Pili, wana wakifika wiki nane, mlezi anawapanga mafungu mawili, na mwenye mama anachagua kwanza. Angalieni busara ya wazee: anayepanga hachagui, kwa hiyo hawezi kutupa wadhaifu wote upande mmoja. Tatu, mnyama akikufa, mlezi alete nyama ao ngozi. Maneno peke yake hayatoshi.

Wanaosema mlezi anapata wana wa bure hawajakesha usiku wa Juni, katika baridi yetu, karibu na nguruwe aliyezaa. Mwana wa siku moja anataka joto la digrii 30 na zaidi. Akikosa, anajibana kwa mama, na mama akilala anamponda. Lazima majani makavu, na mti wa kuzuia kando ya ukuta. Siku ya kwanza wote wanyonye maziwa ya kwanza. Kila mmoja anajichagulia chuchu yake, na mdogo anasukumwa nyuma kwenye maziwa machache. Tena maziwa ya mama hayana chuma cha kutosha. Ndiyo sababu tunawawekea udongo safi mwekundu, ao tunawachoma sindano ya chuma siku za kwanza.

Mwaka 2017, wakati wa mvua, nyumbani kwetu tulikuwa tunalelea nguruwe wa mzee mmoja, mfanyakazi wa zamani wa mgodi. Wana walikuwa saba, zimebaki siku kumi tugawane. Mama aliacha kula. Kesho yake alikuwa na homa kali, masikio na tumbo vimekuwa vyekundu. Akakufa, na wana nao wakaanza kuanguka. Munganga wa mifugo alisema dalili ni za homa ya nguruwe ya Afrika, ile inaitwa pesti. Haina dawa. Haishiki mtu, lakini inaweza kuua karibu nguruwe wote wa banda, na virusi vyake vinadumu katika nyama, hata iliyokaushwa.

Siku ile ile mchuuzi alifika na pikipiki. Alitaka wale waliokuwa bado na pumzi, kwa nusu ya bei. Tuseme ukweli: tulisita. Minervali ya watoto ilikuwa inategemea wale wana saba. Lakini kuuza ilikuwa kupeleka ugonjwa katika mabanda ya watu tusiowajua. Na kufuata desturi neno kwa neno, kumpelekea mzee nyama, ilikuwa kumuulia nguruwe wake wawili waliobaki.

Tulikwenda mikono mitupu, tumebadilisha nguo na viatu, tukasimama barabarani bila kuingia kwake.

«Tata, ngulube yako imekufa, na batoto yake bote banakufa.»

«Mwalimu, unaniletea maneno tu? Nyama iko wapi?»

Tulimweleza. Alinyamaza sana. Halafu akasema: «Basi macho yangu itaenda kuona.»

Alikuja na shahidi mmoja. Walisimama ng'ambo ya ua, wakaona tukizika wote katika shimo refu, na chokaa juu. Walinawa miguu, wakarudi. Nguruwe wake wawili hawakuugua.

Kwa nini wazee walidai nyama? Si kwa tamaa ya kula. Walitaka mlezi asile mali ya mwenzake halafu aseme imekufa. Mzoga ulikuwa shahidi wa ukweli. Sasa, shahidi akianza kuua, anayemng'ang'ania anashika ganda na kutupa kiini.

Rafiki zetu wengine wanapinga: «Leo munaondoa nyama, kesho kila mwizi atasema ni pesti.» Neno hilo lina uzito. Kwa hiyo sharti lisipunguzwe, liongezwe: mwenyewe aitwe siku ile ile, mbele ya shahidi, kabla ya kuzika. Na tukubali kwamba patano la watu wawili halikuwaza jirani wa tatu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa kifo kinaumbua hata wale ambao hawakuficha kitu. Mlezi anadaiwa ukweli, na anadaiwa na mtaa mzima.

Mzee hakutudai malipo. Nguruwe mwingine alimpa mtu mwingine, na tuliumia, tusifiche. Lakini siku ya kupatana na mlezi yule mpya, shahidi aliyemwita ni sisi.