Malipo ya Askari Aliyeumia: Ni Sadaka au Ni Deni?



Yanapotajwa mafao ya wastaafu, wengi wetu huanza mara moja habari za kikokotoo, yaani ile kanuni ya kupigia hesabu ya mkupuo na ya pensheni ya kila mwezi. Hatuwalaumu, maana tumbo halina siku ya mapumziko. Lakini liko swali ambalo hesabu haiwezi kulijibu. Askari polisi aliyepigwa risasi akiwa kazini, au askari wa zimamoto aliyevunjika mgongo katika uokoaji, fedha anayopewa na Taifa ni kitu gani? Ni sadaka? Ni mshahara wake uliowekwa akiba? Au ni deni? Yafaa tulipime jambo hili, kwa kuwa jibu letu ndilo litakaloamua namna tutakavyomtendea.

Tuanze na ile hesabu yenyewe. Sheria ya mwaka 2018 iliunganisha mifuko minne, PSPF, LAPF, PPF na GEPF, ikawa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, ulioanza tarehe 1 Agosti 2018. Mtumishi hukatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri huongeza asilimia 15. Manung'uniko juu ya kanuni mpya yakawa makubwa, hata tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli akaamuru zile za zamani ziendelee kwa kipindi cha mpito. Kanuni nyingine ikaanza tarehe 1 Julai 2022.

Katika kanuni hiyo ya 2022, miezi ya kuchangia hugawanywa kwa 580. Mwalimu aliyetumika miaka 35 ana miezi 420, nayo kwa 580 ni kama asilimia 72 ya wastani wa mshahara wake, kabla ya kutolewa sehemu ya mkupuo. Sasa tumchukue kijana aliyeumia baada ya miaka mitatu tu ya kazi. Ana miezi 36, na 36 kwa 580 ni asilimia 6 na kidogo. Kwa kipimo hicho peke yake, kijana aliyepoteza miguu yote miwili angepata hata robo ya robo ya mshahara kwa shida. Sisi tuliofundisha katika chuo cha ualimu tulizoea kuwaambia wanafunzi wetu kwamba kanuni yaweza kuwa sahihi kabisa, ila ikatumiwa mahali pasipo pake. Ndiyo sababu sheria haikuishia kwenye pensheni ya uzee, ambayo hudai michango ya miezi 180, bali iliweka pia mafao ya ulemavu na ya warithi. Sheria yenyewe, basi, inakiri kwamba kuna vipimo viwili: kipimo cha muda na kipimo cha hasara.

Pensheni ya uzee hupimwa kwa muda. Hiyo twaweza kuiita akiba, maana mtu amekatwa mwezi kwa mwezi naye anarudishiwa kilicho chake. Lakini malipo ya aliyeumia si akiba, kwa kuwa hakuna mtu awekaye akiba ya mguu. Wala si sadaka, kwa kuwa sadaka hutolewa na mtu asiyedaiwa. Sisi twadaiwa. Moto ukiwaka sokoni, kila mmoja wetu hukimbia kutoka kwenye moto, lakini yeye hukimbia kuuelekea, tena kwa amri. Hapa Kahama kila siku hupita magari ya mafuta yaendayo Rwanda na Burundi. Likipinduka moja, tunajua tutamwita nani. Tulipomvika sare tulimwahidi, hata kama hatukutamka, kwamba akiangukia huko hatutamwacha. Wazee walisema ahadi ni deni, na dawa ya deni ni kulipa.

Tena kuna jambo linalozidisha deni hili. Walimu tuna chama chetu, CWT, nacho kimesema mara nyingi kwa niaba yetu. Polisi hana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ililiweka Jeshi la Polisi nje ya masharti yake, pamoja na Magereza, JWTZ na JKT. Hatusemi kwamba polisi waruhusiwe kugoma. Tunasema tu kwamba mtu tuliyemfunga mdomo kwa ajili ya usalama wetu, yatupasa tumsemee, na sheria imlinde kuliko wengine.

Hatari hii si ya magazetini tu. Mwezi Septemba 2014 majambazi walivamia kituo cha polisi huko Bukombe, majirani zetu, wakaua askari wawili na kupora silaha. Tarehe 13 Aprili 2017 askari wanane waliuawa Kibiti, Mkoa wa Pwani. Waliowaua walitafuta bunduki ambazo sisi tuliwapa askari hao watulinde nazo.

Swali hili ni la zamani. Katika Samweli wa Kwanza, sura ya 30, twasoma kwamba Daudi alifuatia adui akiwa na watu mia sita, na mia mbili kati yao wakachoka mno, wasiweze kuvuka kijito cha Besori. Waliorudi na nyara walitaka kuwanyima wale waliobaki. Daudi akakataa. Akaamua wagawane sawasawa, akalifanya jambo hilo kuwa sheria na agizo katika Israeli. Daudi hakusema tuwahurumie, ila aliweka sheria, ili haki ya aliyechoka isitegemee moyo mwema wa aliyefaulu.

Hata hivyo tunasikia mabishano matatu, nayo yastahili jibu.

Wengine husema, alijitakia mwenyewe, mbona kazi zilikuwa nyingi? Ni kweli alichagua. Lakini kama wasingekuwapo wa kuchagua, tungelazimika kupiga kura ni mtoto wa nani aende. Hiari yake imetuondolea mzigo sisi, wala haikutufutia deni.

Wengine husema, polisi hao hao hututoza rushwa barabarani. Hapa tuseme wazi: rushwa ni dhambi, na alaye rushwa ashitakiwe. Lakini kosa la mmoja halilipwi kwa mguu wa mwingine, wala kwa chakula cha mjane.

Bishano la tatu ndilo zito. Mkulima wa pamba akivunjika mgongo hana mfuko. Mwaka 2015 huko Nyangalata, wilayani kwetu, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, nao waliokolewa na wachimbaji wenzao. Waokoaji wa namna hiyo, nao wakiumia, nani huwalipa? Na wale sungusungu walioanza kulinda mifugo pande hizi mwanzoni mwa miaka ya 1980? Tunakubali kwamba kila ajitoaye kuokoa wengine ana haki juu ya hao aliowaokoa, awe na sare au asiwe nayo. Lakini tusimnyang'anye mmoja kwa kuwa mwingine hakupewa. Blanketi ikiwa fupi, wenye nyumba hutafuta ndefu zaidi, hawaichani.

Limebaki jambo moja ambalo hatulitazami vya kutosha, nalo ni kuthibitisha. Risasi huonekana, lakini moshi hukaa kifuani miaka mingi kabla ya kudai chake. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya zimamoto miongoni mwa mambo yanayosababisha saratani kwa binadamu. Jimbo la Manitoba huko Kanada lilikuwa limeweka sheria mwaka 2002 kwamba askari wa zimamoto aliyetumika muda uliotajwa, akipata saratani za namna fulani, ihesabiwe ameipata kazini mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mgonjwa haulizwi ni moto upi uliomdhuru. Huo ndio uungwana wa mdaiwa: yeye ndiye hubeba shida ya kuthibitisha, hamwachii anayemdai aibebe.

Maana deni lililocheleweshwa hugeuka kuwa sadaka. Mtu akizungushwa, njoo kesho, lete cheti kingine, mwishowe huinama na kushukuru kwa kilicho haki yake.

Basi, sisi waumini tufanye nini? Sheria hutungwa Dodoma, lakini karatasi hutafutwa hapa kwetu. Katika kila mtaa wa kanisa yupo ajuaye kuandika barua vizuri, na yupo mstaafu mwenye nafasi. Mjane wa askari asaidiwe kukusanya cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na barua za kazi, asiende ofisini peke yake. Askari aliye mlemavu tusimwite katika sherehe kuja kupokea zawadi mbele ya watu, kana kwamba ametuomba. Tumtembelee kwake, na tumwulize kama amelipwa.