Mabaki ya Kitambaa ni ya Nani?

Miongoni mwa kazi za mikono ni chache ziingiazo ndani ya maisha ya watu kama kazi ya ushonaji. Fundi cherehani hujua kimo cha mtu, upana wa mabega yake, na mara nyingi hata uwezo wa mfuko wake. Hukabidhiwa kitu ambacho bado si nguo, akatakiwa akirudishe kikiwa nguo. Baina ya kukabidhiwa na kurudisha hupita mkasi, na mkasi ukishapita, kitambaa hakirejei tena kuwa kama kilivyokuwa. Kwa hiyo kazi hii yasimama juu ya uaminifu kabla haijasimama juu ya ustadi.

Sasa, ndugu msomaji, fikiri jambo hili. Mtu amepeleka mita nne za kitambaa ashonewe kanzu. Fundi, kwa ujuzi wake wa kupanga vipande kabla ya kukata, ameimaliza kanzu hiyo kwa mita tatu na nusu. Mwenye nguo hajui. Ameivaa, imemkaa vizuri, amefurahi na kulipa ujira. Nusu mita iliyobaki ni ya nani?

Wengine watacheka, waseme: Je, dini imekosa mambo makubwa hata ije kuuliza habari za vipande vya nguo? Lakini swali hili ni kubwa kuliko lionekanavyo, maana latuuliza kama wema una msingi wowote pale ambapo hapana shahidi. Basi tuzitazame hoja za wale wasemao kuwa mabaki ni ya fundi.

Hoja ya kwanza ni desturi. Husemwa kwamba ndivyo mafundi wafanyavyo kila mahali. Ni kweli kwamba jambo hili si la nchi moja. Huko Uingereza, tangu karne ya 17, mafundi wa nguo waliyapa mabaki waliyojiwekea jina la utani, wakayaita kabichi. Nasi hatukatai ya kuwa desturi yaweza kuwa mapatano. Ikiwa mteja na fundi wote wawili wajua kwamba mabaki huachiwa fundi, nayo yamehesabiwa katika ujira, basi hapo hapana dhambi, kwani mwenye mali ametoa kwa ridhaa yake. Lakini desturi ijulikanayo na upande mmoja tu haiwezi kuitwa mapatano. Kipimo chake ni chepesi: je, fundi aweza kukiweka kando kile kipande huku mwenyewe akimtazama? Akiweza, na iwe halali yake. Ikiwa yambidi kungoja mpaka mtu aondoke, moyo wake umekwisha kutoa hukumu.

Hoja ya pili ni udogo wa kitu. Nyuzi na vijipande vinavyofagiwa jioni pamoja na vumbi hatuviulizii, maana hata mwenyewe havitaki. Lakini nusu mita hutoa kofia, mfuko, au suruali ya mtoto, na haba na haba hujaza kibaba. Zaidi ya hayo, khiyana haipimwi kwa futi. Katika Sahihi Muslim imepokewa ya kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. aliwaonya wale waliopewa kazi ya kusimamia mali ya watu kuwa mwenye kuficha hata sindano moja atakuja nayo Siku ya Kiyama. Tazama, hakutaja ngamia wala dhahabu; ametaja sindano, chombo kidogo kuliko vyote alivyo navyo fundi wetu! Onyo hilo lilielekezwa kwa wasimamizi, lakini maana yake yamfikia kila mtu aliyeshika mali isiyo yake.

Hoja ya tatu yastahili kusikilizwa kwa huruma zaidi. Fundi husema: Wateja hunipunja ujira, huchukua nguo na kuahidi kulipa mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi haufiki. Basi nami nitajilipa kwa kitambaa. Hakika kumcheleweshea mfanya kazi ujira wake ni dhuluma, na Mtume s.a.w. amefundisha alipwe kabla jasho lake halijakauka. Mwislamu achukuaye nguo kwa deni huku fedha anazo, huyo naye atazame nafsi yake. Lakini dhuluma haiponywi kwa dhuluma nyingine ya siri. Kurani Tukufu yatukataza kuacha uadilifu hata kwa watu wanaotuchukia (5:9), sembuse kwa mteja aliyechelewa kulipa! Tena yule anayepunguziwa kitambaa leo huenda siye aliyemdhulumu fundi jana. Haki idaiwe waziwazi.

Wanazuoni wa kale walilijua sana tatizo la fundi na mteja wake. Imesimuliwa kwamba Hadhrat Ali r.a. aliwatia mafundi katika dhima ya mali walizokabidhiwa, kwa kuwa aliona mambo ya watu hayatengenei pasipo hivyo. Baadaye, mjini Kufa, Imamu Abu Hanifa na kadhi Ibn Abi Laila walihitilafiana katika shauri la namna hii: mtu ametoa kitambaa, fundi amekishona joho, mwenye kitambaa asema, Nilikuamuru kanzu, fundi asema, Uliniamuru joho. Abu Hanifa, ambaye mwenyewe alikuwa mfanyi biashara ya nguo, alisema neno ni la mwenye kitambaa, na fundi alipe thamani yake. Ibn Abi Laila alisema neno ni la fundi. Wote wawili walikuwa watu wa elimu, na kila mmoja alikuwa na sababu. Lakini hapana hata mmoja aliyeweza kujua kwa yakini ni neno gani lililosemwa siku ile dukani. Kadhi huamua nani asadikiwe. Nani amesema kweli, hilo liko mbali na macho yake.

Hapo ndipo sheria ya wanadamu inapokoma, na hapo ndipo imani inapoanza kazi yake. Kama hapana Mungu aonaye, basi uaminifu wa sirini ni tabia njema tu, ambayo mtu aweza kuivua ikimbana. Lakini kama yuko Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyofichika, basi hapana duka lisilo na shahidi.

Pamoja na kitambaa, fundi hushika amana nyingine, nayo ni ahadi. Nani asiyelijua neno “njoo Ijumaa”? Idi inapokaribia, fundi hupokea nguo nyingi kuliko mikono yake iwezavyo kushona, na kila mteja humpa siku. Anajua kwamba haitatimia, lakini asema ili asimpoteze mteja. Je, huu ni uongo, au ni maneno ya kazi tu? Imepokewa katika Abu Daudi kwamba mama mmoja alimwita mwanawe aje apewe kitu. Mtume s.a.w. akamwuliza amekusudia kumpa nini, naye akajibu kuwa ni tende. Akaambiwa kwamba kama asingempa kitu, angaliandikiwa uongo. Ikiwa neno la kumbembeleza mtoto lahesabiwa, itakuwaje neno lililomfanya baba awaambie watoto wake kwamba watavaa nguo mpya siku ya Idi?

Tusidhani kwamba kwa maneno haya twaidharau kazi ya ushonaji. Mtume Mtukufu s.a.w. alishona nguo zake kwa mkono wake, na katika Sahihi Bukhari yasimuliwa ya kwamba aliitikia mwaliko wa fundi wa nguo, akala kwake mkate wa shayiri na mchuzi wa mamumunye. Wasomaji wetu Wakristo nao watamkumbuka Dorkasi wa Yafa, ambaye wajane walionyesha kwa machozi nguo alizowashonea (Matendo 9:39). Kazi ni ya heshima. Ndiyo maana twataka ibaki safi.

Kurani Tukufu yawasifu waaminio waliofaulu kuwa ni wenye kuchunga amana zao na ahadi zao (23:9), na mahali pengine yauita ucha Mungu vazi, tena vazi lililo bora (7:27). Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, katika sehemu ya tano ya kitabu chake Barahin-e-Ahmadiyya kilichochapishwa mwaka 1908, ameyaunganisha mambo haya mawili. Ameeleza kwamba uzuri wa roho hupatikana kwa vazi hilo la ucha Mungu, na kwamba ucha Mungu ni kuzichunga kadiri ya uwezo amana na ahadi zote, za Mungu na za viumbe, hata katika sehemu zake ndogo ndogo. Basi fundi afungaye mabaki pamoja na nguo na kumrudishia mwenyewe, wakati uo huo anaishona nguo yake mwenyewe, isiyochakaa.

Ndugu uliyeingia katika Islamu karibuni, huenda jirani zako hawatasoma vitabu vyetu. Watakusoma wewe. Kabla ya kukata, mwambie mteja kitambaa kinachohitajika. Kikibaki, mrudishie, akikuachia, pokea kwa shukrani. Hesabu nguo uwezazo kumaliza, kisha ndipo utaje siku. Huenda utapoteza wateja wawili watatu kwa kusema, “Sitaweza kabla ya Idi.” Hasara hiyo ni ya kweli, wala sitaki kukuficha. Lakini riziki yako haikuwa mikononi mwao.

Mwenyezi Mungu atuvike sote vazi la ucha Mungu, na atujalie tuonekane mbele Yake bila ya kipande cha mtu mikononi mwetu. Amin.