Mguu wa Askari na Faida ya Shaka

Katika Marekani askari wa zamani mwenye nyayo bapa aweza kudai fidia. Udhaifu mdogo haupati kitu. Wa kadiri hupata 10 kwa mia. Uliokithiri katika miguu yote miwili hupata 50. Hesabu hiyo ni nyepesi. Uzito umo katika swali jingine: nani aliyeubomoa unyayo, jeshi au maumbile?

Sheria humdhania askari kuwa mzima siku alipopokewa, ila kwa kasoro iliyoandikwa alipokaguliwa. Aliyeandikwa hana budi kuonyesha kuwa ubovu wake ulizidi utumishini. Hapa naona ugumu. Jeshi liliuona unyayo, likamchukua mwenyewe, likamvika buti na kumtwika mzigo. Mtu si ng'ombe, lakini hata anunuaye ng'ombe kilema kwa kujua hamlaumu muuzaji.

Ushahidi wa pande mbili ukikaribia kulingana, faida ya shaka ni ya askari. Wako wauitao upendeleo, maana hazina ni mali ya wote. Siafikiani nao. Majalada ya utumishi yalitunzwa na serikali, na moto wa mwaka 1973 karibu na St. Louis uliteketeza kiasi cha milioni 16 hadi 18. Tena, majalada yaliyosalimika husema machache. Kijana aliyefunzwa kutonung'unika hakwenda kwa tabibu. Uzeeni, akiwa na mwaka mmoja wa kupeleka rufani mbele ya Bodi, ukimya ule aliosifiwa husomwa kuwa dalili ya kwamba miguu haikumuuma.