Ng'ombe wa Nani, Mbwa Mwitu wa Nani?

Katika kisa cha Nabii Yusuf, ambacho hakuna aliyepita chuoni asiyekijua, mbwa mwitu hushitakiwa kwa damu ambayo hakuimwaga. Ndugu hurejea usiku wakilia, mikononi wana kanzu yenye damu ya uongo, na mnyama hana wa kumsemea. Liko jambo moja katika kisa hicho ambalo aghalabu tunalipita haraka. Kabla ya uongo huo kutungwa, mzee Yaakub alikwisha kusema kwamba akichelea mbwa mwitu asije akamla mwanawe ilhali wao wameghafilika naye. Hofu yake, basi, haikuwa ya meno ya mnyama peke yake. Ilikuwa pia ya mghafala wa walinzi, na huo mbwa mwitu hawezi kuulizwa.

Nimekikumbuka kisa hiki kwa sababu ya mzozo ulioko Marekani, katika jimbo la Colorado, ambako swali la nani aulizwe limetoka vitabuni na kuingia mazizini. Mbwa mwitu walimalizwa huko katika miaka ya 1940, kwa bunduki, mitego na sumu. Novemba 2020 wananchi walipiga kura kuamua iwapo warejeshwe. Waliokubali walikuwa kiasi cha asilimia 51, na wengi wao ni wakaazi wa Denver na miji jirani, mashariki ya Milima ya Rocky. Wanyama wenyewe wakenda kufunguliwa magharibi ya milima hiyo, kwa wafugaji ambao wengi walikataa. Desemba 2023 walifunguliwa 10 wa mwanzo, waliotolewa Oregon. Kufikia Aprili 2024 ndama walikwisha kuanza kuliwa.

Hapa ndipo penye mtihani. Mtu wa mjini hupata furaha kwa kujua tu kwamba nchi yake ina mbwa mwitu, hata kama hatamwona maisha. Furaha hiyo siibezi. Nami hufurahi kwamba wako nyangumi katika bahari ambayo siivuki. Lakini furaha ni ya mmoja na ndama ni wa mwingine, na wahenga walikwisha kusema juu ya mkuki na nguruwe. Serikali ya jimbo iliiona dhulma hiyo ikaweka fidia: hadi dola 15,000 kwa kila mnyama aliyeuawa, na mfugaji huweza kudai hata kwa ndama waliokonda kwa hofu. Si haba. Hata hivyo fidia hufuata mzoga. Sharti uonekane, ukaguliwe alama za meno, aandikiwe mwenyewe kwamba kweli kapoteza. Aliyeukosa mzoga huingia katika mabishano marefu. Na usiku aliokesha nje na kurunzi, nani atautia bei?

Nisingependa, lakini, mfugaji atoke barazani kana kwamba hadaiwi kitu. Kwa vizazi viwili vitatu aliachiwa nchi isiyo na mbwa mwitu, na wengi wakazoea kuwaacha ng'ombe msimu mzima katika malisho ya umma, mbali, pasi na mchungaji. Raha hiyo ilinunuliwa kwa sumu ya wakati uliopita. Mmasai angeistaajabia. Yeye, mwenye simba kwa jirani, ng'ombe wake huenda na mchungaji mchana na usiku hulala ndani ya boma la miiba. Na siku hizi, katika nyika za kaskazini ya Tanzania, wako wanaopanda miti hai na kuizungushia wavu wa chuma, boma likawa halipandiki wala halipenyeki. Huko Marekani nako njia zipo. Mbwa wakubwa wa kulinda hulelewa tangu udogoni baina ya kondoo hata wakawahesabu kuwa ndugu zao (na hata fakihi mkali humruhusu mbwa wa mifugo). Iko pia kamba yenye vitambaa vyekundu, iliyoazimwa kwa wawindaji wa Ulaya ya mashariki: mbwa mwitu huogopa kuivuka, ila kwa wiki kadhaa tu, kisha huizoea, kwa hiyo hutundikwa msimu wa kuzaa ndama ikateguliwa mapema. Wako wapanda farasi wanaozunguka na kundi usiku. Na mzoga wa kale sharti uondolewe, maana kuuacha malishoni ni kumwalika mgeni kisha kumlaumu kwa kuja.

Mwaliko wa namna hiyo huonekana zaidi kwa koyoti, mdogo wake mbwa mwitu, ambaye ameingia hata Chicago na kukaa. Yeye kwa tabia humkimbia mtu. Anapotupiwa mabaki ya chakula, kwa huruma au kwa uzembe, hofu humtoka. Hufuata watoto na vijibwa njiani, na mwisho wake hupigwa risasi. Aliyemlisha huwa hayupo. Watu wa huko hufundishwa wasimpe chakula wala wasimkimbie, bali wasimame wima, wapunge mikono na kupiga kelele hata aondoke. Kumtisha hivyo ni kumhurumia zaidi ya kumlisha, ingawa moyo hukataa kuamini.

Sisi wa Unguja hatuna haki ya kuwatazama hawa kwa mbali. Tulikuwa na chui wetu, mdogo kuliko wa bara, ambaye mtaalamu Pocock alimwandika mwaka 1932 kuwa ni aina ya pekee. Naye alikula mbuzi. Lakini juu ya mbuzi tulimtwisha na uchawi: ikasemwa kwamba ana mwenyewe, hufugwa, hutumwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mganga aliyeitwa Kitanzi aliongoza msako wa wachawi na chui pamoja. Wataalamu wengi wanaamini kwamba chui huyo hayupo tena. Mbuzi angeliweza kujengewa banda imara. Kwa hofu ya jirani, banda halikupatikana.

Colorado wamebuni jambo jingine ambalo naliona karibu zaidi na uadilifu kuliko hundi inayofuata mzoga. Tangu 2024 mwenye gari huweza kununua kibao cha namba chenye picha ya mbwa mwitu, na fedha zake huenda katika ulinzi wa mifugo usio wa kuua. Mtu wa Denver akawa amechangia posho ya mpanda farasi anayekesha upande wa pili wa milima. Kasoro yake ni kwamba kibao ni hiari: atakaye hununua, asiyetaka haulizwi, ilhali siku ya kura kura zao zilihesabiwa sawasawa.