Kiondo Kiliibwa na Nani?

Panda matatu ya kutoka Embu kwenda Meru, taja Japani, na kuna mtu atakwambia: "Hao si ndio walituibia kiondo?" Stori hiyo imeenea Kenya nzima. Eti Wajapani walikisajili kiwe chao tukiwa tumelala.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo maktaba yangu ni simu na bando. Miezi hii nasoma historia ya sanaa ya Japani, na stori ya kiondo nimeifuatilia pia. Sijaona anayeisimulia akitoa nambari ya usajili. Halafu, hataza hupewa uvumbuzi mpya. Kiondo kilikuwa kikisukwa kwa nyuzi za magome hata kabla mkonge haujaletwa Afrika Mashariki miaka ya 1890. Upya wake uko wapi?

Sisemi wizi haupo. Kampuni moja ya Uingereza iliwahi kujaribu kusajili jina la kikoi, hadi Wakenya wakapinga.

Lakini Japani nimekutana na jambo lingine. Mwaka wa 1949 moto uliharibu michoro ya ukutani ya hekalu la Horyuji. Mwaka uliofuata wakapitisha sheria ya kulinda mali ya utamaduni, na sheria hiyo haikuishia kwa majengo na sanamu. Ililinda ujuzi pia. Leo mfinyanzi au mfumaji bingwa hutambuliwa na serikali, watu humwita hazina hai ya taifa, na hupewa yeni milioni 2 kwa mwaka ili aendeleze kazi yake na kufundisha warithi.

Sisi tuna sheria ya maarifa ya jadi ya mwaka wa 2016. Ni nzuri, inazuia mgeni kutumia vyetu bila ruhusa. Ila swali langu liko kabla ya mgeni kufika: kitu ni changu kwa sababu nyanya yangu alikijua, ama kwa sababu kuna mtu kwetu bado anakijua?

Naona umiliki bila ujuzi ni madai tu. Na sitamlaumu kijana wa Mbeere au Tharaka anayekataa kusuka. Kiondo kinachukua siku nyingi, kisha mnunuzi anataka apunguziwe nusu ya bei, na mara nyingi mnunuzi huyo ni mimi na wewe. Mama akichoka na bei hiyo, ataacha kusuka, na hakuna Mjapani atakayekuwa amehusika.